Mashine za usafi za nchi za theluji zimefika Dodoma: ninunue au niachane nazo?

Kijana wa Ihumwa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Tuna kikundi cha vijana, tunafanya usafi wa nje: kuosha vibaraza na kuta za ofisi, kufagia maegesho, na malori ya ujenzi yakija hatuyaachi. Kazi nyingi ziko Mtumba, Mji wa Serikali, nyingine Nzuguni na Kisasa. Mpaka sasa tunatumia presha (mashine ya kuoshea kwa msukumo wa maji) ndogo ya umeme, zile za majumbani, pamoja na mafagio ya mkono. Ikifika saa sita mchana mashine imechemka na vijana wamechemka.

Kuna jamaa ana mzigo yadi umetoka Kanada, vifaa vya kampuni ya usafi ya huko vilivyouzwa kwa jumla. Nilichokiona ni presha ya maji ya moto yenye injini ya petroli na tenki la dizeli la kuchemshia maji, imeandikwa psi 3000 na galoni 4 kwa dakika, nayo yote imekaa ndani ya boksi la bati lenye hita. Kuna presha nyingine ya umeme. Kuna fagio kubwa la mviringo la kufunga mbele ya trekta, na pipa la kumwagia chumvi barabarani.

Muuzaji hoja yake ni moja: hizi ni mashine za baridi kali, zimeundwa zifanye kazi kwenye nyuzi hasi 30, kwa hiyo Dodoma zitakuwa kama zipo likizo. Hapo ndipo kichwa kinaponigonga. Kitu kikishinda barafu ndiyo kimeshinda kila kitu? Hapa mwezi wa 7 usiku tunavaa makoti, lakini sijawahi kuona ndoo ya maji imeganda. Bei nayo ameishusha mpaka naogopa.

Walio majuu na mafundi wa hapa, naomba mwongozo kabla hela ya kikundi haijatoka.

Zabibu Chungu

Mbukwenyi! Naweka kambi hapa. Hilo pipa la chumvi walete Majengo sokoni, mlenda haujapata chumvi.

Mbeba Boksi

Mkuu, nipo Winnipeg na boksi ninalobeba ndilo hilo hilo, usafi wa nje, kiangazi na baridi. Januari hapa wastani unacheza kwenye nyuzi 16 chini ya sifuri, na usiku wa hasi 30 hakuna anayeushangaa. Gari likiegeshwa linachomekwa kwenye umeme ili injini isishindwe kuwaka asubuhi. Kwa hiyo ngoja nikufungulie hiyo "baridi kali" ina nini ndani, uone mwenyewe unalipia kitu gani.

Maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9. Yakiwa yamefungiwa ndani ya kichwa cha pampu hayana pa kukimbilia, na shaba inapasuka hata kama pampu ni ya bei mbaya. Karibu kila kikorombwezo utakachokiona kwenye hizo mashine ni mbinu ya kuzuia hilo tu, maji yasisimame au yasipoe. Jioni tukimaliza kazi tunapuliza upepo wa kompresa kwenye mipira yote, kisha tunaivutisha pampu maji ya rangi ya kuzuia kuganda mpaka rangi itoke kwenye nozeli. Boksi la bati lenye hita ni kwa ajili hiyo hiyo. Mipira ya maji ni ya aina isiyokakamaa.

Bunduki yake ya kurushia maji ndiyo ya kuangalia kwa makini. Nyingi za huku zimeundwa zivuje. Ukiachia kifyatulio, maji yanaendelea kutoka kidogokidogo ili yasigande kwenye bomba la mbele. Ukipita usiku kwenye sehemu za kuosha gari za kujihudumia unazikuta zote zinachuruzika na hakuna mteja. Ipeleke Dodoma bunduki hiyo: utalipia maji ya kumwaga chini siku nzima, na fundi atakwambia imekufa wakati inafanya kazi yake sawasawa. Itoe, weka ya kawaida.

Lile boksi nalo ukilifunga kwenye jua la Oktoba injini itachemka. Na moshi wa petroli ndani ya boksi au ndani ya keri iliyofungwa unaua mtu kimyakimya. Ng'oa milango yake, au itoe mashine humo kabisa.

Kuhusu fagio, achana nalo. Ni la theluji. Linazunguka na kurusha kilicho mbele yake pembeni. Theluji ikirushwa inaanguka na kulala. Vumbi la Mtumba la mwezi wa 9 ukilirusha litaingia madirishani mpaka meza ya Katibu Mkuu, na tenda imeishia hapo. Halina sanduku la kukusanyia wala vinyunyizio vya maji. Hata sisi huku hatufagii mchanga kwa fagio hilo. Chumvi ya kawaida ikifika kama hasi 10 inaanza kuishiwa nguvu, kwa hiyo siku za baridi kali manispaa inamwaga mchanga barabarani ili matairi yashike. Theluji ikiyeyuka mji mzima unabaki na mchanga, na hapo zinaingia gari za kufagia zenye maji na za kufyonza. Hizo ndizo za kutafuta ukiwa Dodoma, na bei yake ni habari nyingine.

Jicho la Tatu

Mtu anauza fagio la theluji Dodoma. Nchi hii kila mtu anatafuta.

Fundi wa Kizota

Mbeba Boksi kasema ya huko, mimi niseme ya hapa. Presha za mtumba napokea gerejini kila mara, na zile za nchi za baridi zina ugonjwa wake.

Kijana, ukifika yadi usikimbilie injini. Injini yoyote muuzaji ataiwasha ilie vizuri. Nenda kwenye pampu. Chukua kitambaa, futa kichwa cha shaba mpaka kiwe kikavu, na hasa kuzunguka vile vifuniko vya valvu. Mwombeni maji, muiwashe, mshike bunduki dakika kumi kwa presha kamili na tochi mkononi. Pampu iliyowahi kugandishiwa maji inakuwa na mstari mwembamba kama unywele ambao ikiwa imezimwa huuoni. Ikipata presha inatoka jasho. Ukiona gundi ya kijivu imepakwa mahali, usiulize imefanya nini hapo, ondoka.

Kisha chungulia kioo cha oili ya pampu. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamepita sili na kuingia upande wa fimbo. Sili zinabadilishwa, ila beringi zikishakula maji hiyo ni gharama nyingine.

Koili ya kuchemshia, lile bomba la kujizungusha ambamo maji hupata moto, nayo hupasuka kwa barafu. Dalili yake: mvuke unaendelea kutoka kwenye dohani hata baada ya kuzima moto, na maji yanadondoka chini ya chemba. Hiyo ya umeme mimi singeigusa. Kanada umeme ni wa mizunguko 60, sisi 50. Mota ya 60 ukiileta hapa inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, maji yanapungua kwa kiasi hicho hicho, na mota yenyewe inapata moto kuliko ilivyokusudiwa. Fundi umeme wa nyumba yako atakuambia inafanya kazi. Itafanya, mpaka iungue.

Na meno ya fitingi. Za Kimarekani na hizi zetu kwenye nusu inchi zina meno 14 kwa inchi zote mbili, kwa hiyo zinaingiana mizunguko miwili mitatu, unafurahi, kumbe pembe za meno hazilingani. Unafunga tepu, unafunga tena tepu, inavuja tu. Nunua adapta za kweli, Gerezani Dar zipo.

Ukiweka bunduki ya kawaida kama alivyoshauri, hakikisha kwanza valvu ya kurudisha maji inafanya kazi. Bunduki ikifunga kabisa maji yanazunguka ndani ya pampu na kuchemka, na sili zinaungua. Vijana wasiache mashine inanguruma huku wanapiga soga.

Mwisho, koili yenyewe mimi ningeipita pembeni, nitumie maji baridi basi. Maji ya visima vingi hapa yana chokaa. Mnakiona kile kigaga cheupe kwenye birika? Ndicho kitakachojaa kwenye koili. Kikijaa, joto halifiki kwenye maji, chuma kinaungua.

Mama Usafi Area D

Fundi, hapo kwenye koili nakupinga na heshima zangu zote.

Mimi nina mkataba wa jikoni za hoteli mbili na bucha. Mafuta ya ng'ombe kwenye sakafu ya zege, maji baridi hata yakiwa na presha ya kung'oa rangi yanayahamisha tu kutoka hapa kwenda pale. Maji ya moto yanayayeyusha, na sabuni natumia kidogo sana kuliko zamani. Nilipokuwa sina mashine ya moto vijana walikuwa wanasugua kwa brashi na magadi mpaka saa nane usiku.

Chokaa ninajua, imenisumbua. Ninachofanya: maji ya kisima chetu siyaingizi kwenye koili, nina tenki la maji ya bomba kwa ajili ya mashine tu. Na kila baada ya muda tunazungusha asidi ya limao ndani ya koili, tunaacha, tunasuuza. Maji ya kwanza yanatoka meupe.

Swali langu ni kwa kaka wa Winnipeg: dizeli. Yangu ni ndogo. Hiyo ya galoni 4 inakula kiasi gani?

Mbeba Boksi

Dada, tupige hesabu ya darasani. Galoni 4 za Kimarekani ni lita 15 na kidogo. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja unahitaji kilojuli 4.2. Huku wakati wa baridi maji yanaingia kwenye mashine yakiwa nyuzi 4 hivi, nasi tunayataka 80 maana yakifika ukutani yameshapoa. Hiyo ni kupanda nyuzi 76, karibu kilojuli 4,800 kila dakika. Lita ya dizeli ina kama kilojuli 36,000, toa sehemu ya kumi inayopotelea kwenye dohani. Unachoma karibu lita 9 kwa saa.

Dodoma maji yanaingia na nyuzi 25 tayari jua limekusaidia. Kwa mafuta ya jikoni weka 60, inatosha. Kupanda nyuzi 35 tu. Inakuja lita 4 na kidogo kwa saa. Na ukiishia hapo 60 chokaa nayo inashika polepole zaidi kuliko ukiwa 80 au 90. Kwa hiyo Fundi na Mama Usafi wote mna haki, kinachoamua ni kazi. Kuosha vumbi kwenye kibaraza, zima moto, maji baridi yanatosha. Mafuta, washa.

Mwana Makete

Jamani Tanzania barafu ipo, msitusahau. Uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,600, na mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi majani yanakuwa meupe na mpira wa maji ulioachwa nje unakuwa mgumu kama chuma. Huku presha ikilala nje na maji ndani inapasuka vilevile. Sisi jioni tunachomoa mpira wa kuingiza, tunavuta kamba ya injini mara chache mpaka maji yaishe, inaingia ndani kulala. Kwa hiyo Kijana usiitupe ile bunduki inayovuja, nitafute.

Kijana wa Ihumwa

Mwana Makete umeshapata bunduki, hiyo imeisha.

Fundi, hayo maji ya rangi yanayobaki kwenye pampu nayamwaga tu?

Fundi wa Kizota

Usimwage hovyo. Mbeba Boksi anasemaje?

Mbeba Boksi

Ipo ya aina mbili. Tunayotumia kwenye presha kwa kawaida ni propilini glaikoli, sumu yake ni ndogo. Lakini wapo wanaojibana wanaotia ya magari, etilini glaikoli, na hiyo ni hatari kweli: ina utamu, mbwa na mbuzi wanaifuata wenyewe, figo zinakufa. Kwa kuwa hujui mwenye mashine alitia ipi, ichukulie ni ile mbaya. Toa maji ya mwanzo yote kwenye dumu, andika juu, mpe fundi anayekusanya kulanti (maji ya rejeta) chafu. Usimwage kwenye mtaro mbuzi wa Ihumwa wakapita.

Na kagua chini ya fremu. Mashine iliyozunguka miaka kwenye gari la kumwaga chumvi juu inaweza kung'aa na chini imeliwa. Gonga miguu kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa magamba.

Zabibu Chungu

Sasa niseme kitu cha maana kabla sijafukuzwa. Lile pipa la chumvi lina sahani inayozunguka chini, sivyo? Hiyo ni sawa na ya kurushia mbolea ya chengachenga. Shemeji yangu analima alizeti Kongwa na analo la namna hiyo nyuma ya trekta. Kama ni la plastiki au chuma kisichoshika kutu na muuzaji halijui hilo, mimi nalitaka. Kijana nipitishie namba ya yadi pembeni.

Jicho la Tatu

Kumbe ulikuwa na akili.

Mama Usafi Area D

Kijana, kitu kimoja hawajakigusa. Kisafisha hewa cha injini. Kanada hewa yao safi, ile kitu ndogo ya karatasi inatosha msimu mzima. Hapa kuanzia mwezi wa 6 upepo ukianza, ukikaa nayo wiki haipumui, injini inatoa moshi mweusi na kunywa petroli. Sisi kijana wa zamu anaikung'uta kila jioni kabla hajapewa posho. Nunua za akiba siku hiyohiyo unayonunua mashine, maana ukija kuitafuta ya saizi yake utazunguka Dodoma nzima.

Kijana wa Ihumwa

Mrejesho wakuu. Nilikwenda yadi leo na kijana mmoja kutoka kwa Fundi.

Ya umeme haikuhitaji hata kuwashwa. Kibandiko kimeandikwa mizunguko 60, na chini ya kifuniko cha valvu cha pili kuna ile gundi ya kijivu, imepigwa na rangi juu ya gundi. Muuzaji akasema ni "mapambo ya kiwandani". Tukacheka wote, hata yeye.

Ya petroli tumeishika bunduki presha kamili, tochi kwenye shaba, hakuna jasho. Oili ya pampu iko rangi ya asali. Tumewasha moto, dohani imetoa moshi mweupe mwanzoni, ukakata, na tulipozima hakukuwa na mvuke wala tone chini. Kichomeo chake kinatumia umeme wa betri, volti 12, kwa hiyo habari ya mizunguko haituhusu hapo. Bunduki inavuja kama ilivyotabiriwa. Jamaa alikuwa ametoa punguzo kwa sababu ya "sili mbovu ya bunduki", maana yake naye hajui anachouza, nikanyamaza nikapokea punguzo.

Ubaya uko kwenye fremu. Miguu miwili ya nyuma kijana wa Fundi aligonga na bisibisi ikazama. Chumvi imekula kutokea ndani ya bomba, nje rangi nzima. Boksi nalo sakafu yake imeoza pembe moja, lakini boksi silitaki. Fagio nimeliacha. Pipa ni la plastiki, Zabibu nimekutumia namba.

Hapo kwenye miguu ndipo nimesimama. Hela nyingine ya punguzo ameikubali akiona bisibisi imezama, na kikundi kimekaa kimekubali, Mama Usafi ametuambia atatupa kazi ya bucha mbili tukiwa na maji ya moto. Fundi, fremu inachomelewa au natafuta nyingine?

Fundi wa Kizota

Usichomelee kiraka juu ya kutu, kitakatika na pampu juu yake. Kata miguu yote minne, tuweke bomba jipya la inchi moja na nusu, na tukiwa hapo tuipe matairi makubwa, hayo madogo yalikuwa ya kukaa ndani ya gari, kokoto za Mtumba hayaziwezi. Ilete Jumatatu asubuhi ikiwa haina mafuta ndani ya matenki yote mawili. Kwa ajili ya adapta za meno na bunduki ya kufunga, nitumie kwanza picha ya fitingi zilizopo, upande wa kuingiza na wa kutoa, uweke rula pembeni.

Mwana Makete

Bunduki yangu msiisahau.

Kijana wa Ihumwa

Ipo kwenye mfuko, mkuu, inakuja na basi la Njombe. Fundi, picha nakutumia jioni.